Málaga: upande Alcazaba au Gibralfaro, na mengine ya kuchagua

Karibu kila jamaa anayepanga kupita kusini mwa Hispania huniuliza swali hili: Málaga kuna ngome mbili kwenye kilima kimoja, nami nina siku moja tu, nipande ipi? Jibu langu huwa fupi: Alcazaba. Wapo waliorudi wakinilaumu kwamba niliwanyima mandhari ya Gibralfaro, wapo walionishukuru kwa kuwaokolea magoti, kwa hiyo leo nimeona nijibu kwa kirefu. Na ngome si yote. Kuna kanisa kuu lenye mnara mmoja badala ya miwili, kuna soko lililokuwa karakana ya majahazi, kuna nyumba mbili za kumtafuta mchoraji Picasso, na mengi ya hayo yamo ndani ya mji mkongwe ambao mtu mwenye afya huukata kwa miguu bila kutoa jasho, mradi si Agosti.

Mimi ni mtu wa Mombasa na Málaga nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza peke yangu, mwezi wa Agosti, kosa ambalo sitalirudia. Mara ya pili na mama yangu, ambaye magoti yake yalishastaafu zamani. Mara ya tatu na rafiki wa aina ile ambayo ikiingia makumbusho lazima isome kila kibao. Nitakayoyasema yametokana na miguu hiyo mitatu tofauti.

Kwanza historia kwa ufupi, maana bila hiyo mawe ni mawe tu. Wafoinike, mabaharia wa kale kutoka pwani ya Lebanoni ya leo, ndio walioanzisha mji, wakauita Malaka. Wakaja Warumi. Waislamu wakautawala kuanzia karne ya 8 hadi mwaka 1487, ulipotekwa na Fernando na Isabel, wafalme wa Kikatoliki. Kila aliyekuja alijenga kwa mawe ya aliyemtangulia, tena bila kuficha. Ukishalijua hilo, nusu ya kazi ya mtembezaji watalii umeifanya mwenyewe.

Alcazaba na Gibralfaro

Majina yenyewe yanazitofautisha. Alcazaba ni al-qasaba, boma la mtawala ndani ya mji: mahali pa kuishi, kuamua mashauri na kujifungia mambo yakiharibika. Gibralfaro ni jabal na faro. Jabal ndilo jabali letu hili hili, na faro ni neno la Kiyunani la mnara wa taa wa kuongozea vyombo baharini, ambao inaaminika ulikuwapo kileleni hapo zama za kale. Ya kwanza ni kasri lililozungushiwa kuta. Ya pili ni kambi ya askari iliyowekwa juu yake katika karne ya 14, wakati wa Yusuf wa Kwanza wa Granada, ili adui asipate nafasi ya kukaa kileleni na kulipiga kasri kutoka juu.

Alcazaba ni ya karne ya 11, wakati Málaga ilipokuwa ufalme mdogo ukigombaniwa na majirani. Badis, mtawala wa Granada, aliutwaa mji mwaka 1057 na ndiye anayetajwa kwa ujenzi mkubwa wa ngome hii. Unaingilia mtaa wa Calle Alcazabilla, pembeni ya ukumbi wa maonyesho wa Warumi, na njia inaanza kukuzungusha mara moja. Unapita lango, unakutana na ukuta, unageuka. Unapanda kidogo, lango jingine, unageuka tena. Hiyo haikuwa mbwembwe ya fundi. Mtu akija mbio na mkuki, kona ile inamvunja kasi na kumgeuzia ubavu walinzi walioko juu. Mimi nilikuja mbio na begi la mgongoni na chupa ya maji, na bado ilinivunja kasi.

Simama kwenye lango liitwalo Puerta de las Columnas, lango la nguzo. Nguzo ni za marumaru, za Warumi, pamoja na vichwa vyake vilivyochongwa majani. Juu yake fundi wa Kiislamu ameweka matao ya matofali yenye umbo la kiatu cha farasi. Nguzo moja na mwenziwe hazifanani sawasawa, na hakuna aliyejali. Nimepita hapo mara tatu na mara zote nimekuta watu wanaharakisha kwenda juu kupiga picha za bahari, wakati kisa kizima cha mji huu kimeegemea pale, kwa urefu wa mtu na nusu.

Ukifika ndani zaidi unaingia sehemu ya kasri: nyua ndogo, matao membamba, mifereji ya maji iliyochongwa sakafuni ambayo maji yake hupita polepole hadi kwenye birika. Kuna michungwa, kuna yasmini, kuna kivuli. Mama yangu alikaa kwenye kijiukuta karibu na mfereji akavua viatu. "Mwanangu, nenda kaangalie hayo mawe yako," akasema, "mimi nimeshafika." Nilipomrudia baada ya nusu saa alikuwa hajasogea, na amepata shoga kutoka Morocco wanayezungumza naye kwa ishara.

Niseme ukweli ambao vipeperushi huupitia haraka: sehemu kubwa ya unachokiona imejengwa upya. Kabla ya ukarabati ulioanza mwaka 1933, ngome ilikuwa imechakaa na ndani yake watu maskini walikuwa wamejijengea makazi. Mwenye kutaka jiwe ambalo halijaguswa tangu siku za Badis atasononeka. Mimi halinisumbui, lakini rafiki yangu msoma vibao lilimsumbua siku nzima.

Kwa watu wa pwani yetu kuna jambo la kulinganisha. Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa amri ya mfalme Felipe wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alikuwa ameshika na taji la Ureno. Ukiwa umeikulia ile, ukaja ukaiona Alcazaba, unaelewa mara moja mizinga ilibadili nini. Ngome yetu ni nene, imetanuka kwa pembe zilizochongoka nje, imejilaza ipokee na kurudisha risasi. Alcazaba ni ya kabla ya mizinga: kuta nyingi ndani ya kuta, buruji za mraba, na tumaini kwamba adui atachoka kupanda.

Sasa Gibralfaro. Ndani yake, kusema kweli, hakuna mengi. Kuna maonyesho madogo ya maisha ya askari ndani ya jengo lililokuwa ghala la baruti, kuna kisima kilichotobolewa mwambani kwenda chini kama mita 40, kuna misonobari. Kinachokupeleka huko ni kutembea juu ya ukuta wenyewe, ukizunguka ngome na mji wote ukiwa miguuni: bandari na meli zake za watalii, uwanja wa mchezo wa ng'ombe wa La Malagueta uliokaa kama sinia la duara, kanisa kuu na mnara wake mmoja, na bahari ya Mediterania mpaka macho yachoke.

Kinachokupeleka huko zaidi, kama una moyo wa historia, ni mwaka 1487. Kuanzia Mei hadi Agosti mji ulizingirwa na jeshi la Fernando na Isabel, nchi kavu na baharini. Aliyekuwa na amri Gibralfaro ni kamanda ambaye Wahispania humwita Hamet el Zegrí, na alikataa kusalimu amri hata wafanyabiashara wa mjini walipokuwa wanatafuta suluhu. Chakula kiliisha. Walikula farasi, wakala mbwa na paka, wakala ngozi. Mji ulipoanguka Agosti, wakazi wengi walichukuliwa utumwani, adhabu iliyokusudiwa iwe fundisho kwa miji mingine ya ufalme wa Granada. Ukiwa pale juu ukutani unaona kila pahali ambapo hema za jeshi lile zingeweza kukaa, na unaona kwamba hapakuwa na njia ya kutokea. Kibao hakikuelezi hilo vizuri kama macho yako.

Mtego mmoja: kwenye ramani ngome hizi zinaonekana zimeungana. Ni kweli, kuna njia ya kale iliyobanwa na kuta mbili inayopanda kutoka moja hadi nyingine, lakini mgeni haruhusiwi kupita humo. Ukimaliza Alcazaba inabidi utoke, uzunguke, upande njia ya miguu yenye mteremko mkali kwa muda usiopungua dakika ishirini. Mimi nilifanya hivyo saa saba mchana, Agosti, siku ambayo upepo wauitao terral ulikuwa unavuma kutoka bara. Ule si upepo, ni mdomo wa tanuri. Nilifika juu nikiwa sioni mandhari wala historia. Nilikuwa naona kibanda cha maji tu.

Kwa hiyo, ukiwa na ngome moja ya kuchagua, chukua Alcazaba: kuna mengi ya kuona kwa karibu, kuna kivuli na maji, na kwa asiyeweza kupanda kuna lifti upande wa nyuma ya jumba la manispaa, mtaa wa Guillén Sotelo. Chukua Gibralfaro kama umeshaona kasri la Alhambra la Granada (maana baada ya Alhambra nyua za Alcazaba zitaonekana kama mdogo mtu), au kama unachotaka ni picha ya mji. Ukitaka zote, tiketi ya pamoja ni nafuu kuliko kununua mbili mbali mbali. Ukiziunganisha mfululizo, panda Gibralfaro kwanza kwa basi namba 35, asubuhi, kisha shuka kwa miguu hadi Alcazaba. Wengi hufanya kinyume na hujuta. Jumapili mchana kuanzia saa nane desturi imekuwa kuingia bure, lakini thibitisha kabla, na ujue kwamba foleni nayo huwa na bei yake.

Ukumbi wa Warumi

Huu hauhitaji kulinganishwa na kitu, kwa sababu ni bure na uko njiani. Ulijengwa enzi za Kaisari Augusto, ukatumika mpaka karne ya 3, kisha ukazikwa na kusahauliwa. Mawe yake na nguzo zake, kama ulivyoona, zilipandishwa juu kujenga ngome. Mwaka 1951, katika kazi za kutengeneza bustani ya nyumba ya utamaduni, mawe yakaibuka. Ajabu ni kwamba nyumba yenyewe ya utamaduni ilikuwa imekalia sehemu ya ukumbi, na haikubomolewa mpaka miaka ya tisini.

Unaweza kuuona wote ukiwa umesimama barabarani, na ukipita Jumatatu, siku ambayo hufungwa, hutakuwa umekosa mengi. Hatua chache mbele yake kuna piramidi ndogo ya kioo juu ya lami, ambayo watu huitumia kuegemea wakisubiri wenzao. Chungulia ndani. Kuna mabirika ya Warumi ya kutia samaki chumvi na kutengeneza mchuzi wa garum, samaki waliovundikwa mpaka wakayeyuka. Mji huu ulitajirika kwa samaki wa chumvi. Mtu aliyekulia karibu na ng'onda hahitaji kuelezwa mtaa ule ulikuwa unanukaje.

Kanisa kuu au soko la Atarazanas

Hapa ndipo ninapopingana na vitabu vyote vya utalii. Vyote vinasema kanisa kuu kwanza, soko ukipata nafasi. Mimi nasema, kama saa yako ni moja, nenda sokoni.

Kanisa kuu ni kubwa na lina haki ya kusifiwa. Ujenzi ulianza mwaka 1528 na ukasimama 1782 bila kumalizika. Mnara wa kaskazini ulipanda zaidi ya mita 80. Wa kusini uliishia kwenye visiki vya nguzo. Wenyeji wanaliita La Manquita, na Kiswahili kina neno lake kamili: Kigutu, mwenye mkono uliokatika. Fedha zilikwenda wapi? Kibao chini ya mnara kinasema zilitumwa kuwasaidia Wamarekani katika vita vyao vya uhuru, na ni hadithi inayopendwa sana na watalii kutoka Marekani. Wapo wanahistoria wanaosema zilikwenda kwenye barabara. Kwa vyovyote vile, kila baada ya miaka kadhaa mjadala wa kuujenga mnara wa pili hurudi, na kila mara watu wa Málaga hugundua kwamba wameshaupenda upungufu wake.

Ndani, usipoteze muda ukitazama dari tu. Nenda moja kwa moja kwenye viti vya kwaya katikati ya kanisa, ambako kuna watakatifu waliochongwa kwa mbao na Pedro de Mena, mchongaji wa karne ya 17. Hakuna anayefanana na mwenzake. Kuna aliyekunja uso kama mzee anayedai kodi, kuna aliyeinamia kitabu mpaka unataka kumwekea taa. Juu yao kuna vinanda viwili vya mabomba, vikubwa kama nyumba, vinavyotazamana. Ikiwa kupanda paa kunaruhusiwa siku uliyokwenda, ngazi ni kama 200. Uliza kwanza, maana paa limekuwa likifanyiwa kazi.

Lakini mimi huanza na ua wa nje, wenye michungwa. Karibu mwaka 1350 msafiri Ibn Battuta alipita Málaga. Huyu ndiye yule yule aliyeshukia Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri. Hapa Málaga aliandika kuhusu msikiti mkuu, uliosimama mahali lilipo kanisa kuu leo, kwamba ua wake hauna mfano kwa uzuri na una michungwa mirefu. Msikiti umekwenda, ua wa michungwa upo. Akaandika pia kwamba alimkuta kadhi ameketi msikitini pamoja na mafakihi na wakubwa wa mji, wakikusanya fedha za kuwakomboa watu waliotekwa na Wakristo pwani. Karibu miaka mia moja na arobaini baadaye mji mzima ukatekwa, na fedha za kuukomboa mji mzima hazikupatikana. Ninapokaa uani pale huwa namfikiria yule kadhi na mkoba wake.

Sasa vuka mji kuelekea magharibi, kama dakika kumi, hadi soko la Atarazanas. Jengo la soko ni la chuma, la miaka ya 1870, kazi ya Joaquín Rucoba, ambaye ndiye pia aliyechora uwanja wa ng'ombe. Katikati ya uso wake wa chuma limepachikwa lango la marumaru, tao refu la kiatu cha farasi, la karne ya 14. Ndilo lililobaki la karakana ya meli ya watawala wa Granada. Wakati huo bahari ilifika hapa hapa, na majahazi yaliingizwa ndani kwa matengenezo. Leo bahari iko mbali, inabidi uulize njia.

Jina lenyewe ni zawadi kwa msemaji wa Kiswahili. Atarazanas limetokana na Kiarabu, dar as-sina'a, nyumba ya ufundi. Dar ni ile ya Dar es Salaam, na sina'a ni shina la neno letu sanaa. Inua macho juu ya tao: kuna ngao mbili ndogo zenye maandishi ya Kiarabu, wala ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, kauli ya watawala wa Granada iliyoenea pia kwenye kuta za Alhambra. Chini yake hupita akina mama na vikapu vya magurudumu wakienda kununua kamba na nyanya. Hakuna anayeinua macho.

Ndani ni soko la kweli, ingawa meza za watalii zinazidi kuongezeka kila ninaporudi. Ibn Battuta alisifu zabibu za Málaga, makomamanga, tini na lozi, na vyombo vya udongo vyenye mng'aro wa dhahabu vilivyosafirishwa nchi za mbali. Vyombo sijaviona sokoni. Tini na lozi zipo, na mwishoni mwa kiangazi tini ni mbichi, zimepasuka, zinanata vidoleni. Muuzaji mmoja alinipa ya kuonja kisha nikashindwa kuondoka bila kilo. Nenda kati ya saa tatu na saa sita asubuhi. Mchana wanafunga, na Jumapili hakuna kitu.

Picasso: alikozaliwa au zilipo kazi zake

Pablo Picasso alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1881 kwenye nyumba ya pembeni mwa uwanja wa Plaza de la Merced, na familia ikahama mwaka 1891. Mji ulimkumbuka baadaye sana. Jumba la makumbusho la kazi zake, Museo Picasso, lilifunguliwa mwaka 2003 ndani ya kasri la Buenavista la karne ya 16, kwa kazi zilizotoka kwa mkwewe Christine na mjukuu wake Bernard.

Kwa mpenda sanaa hakuna mjadala, ni Museo Picasso. Kwa asiye mpenda sanaa pia nasema hilo hilo, kwa sababu ya jengo, na kwa sababu chini ya sakafu yake yapo mabaki ya mji wa Wafoinike ambayo unaingia kuyatazama. Nyumba aliyozaliwa ni ndogo, ina vitu vya familia na sebule iliyopangwa kama ya karne ile. Baba yake alikuwa mwalimu wa uchoraji na alipenda kuchora njiwa. Ukitoka nje uwanjani unawakuta njiwa wenyewe, mamia, na unaona kwamba mzee hakuhitaji kwenda mbali. Nyumba hiyo inatosha dakika arobaini. Museo Picasso ilinichukua saa mbili, na kwa rafiki yangu msoma vibao, nne. Saa mbili za mwisho za Jumapili huwa bure, na foleni yake ni ya kufa mtu.

Usiondoke Plaza de la Merced bila kuangalia nguzo ya katikati. Watu hupiga picha na sanamu ya Picasso aliyeketi kwenye benchi, wakiipa nguzo mgongo. Ni kumbukumbu ya jenerali José María de Torrijos na wenzake, waliopigwa risasi kwenye ufuko wa Málaga tarehe 11 Desemba 1831 kwa kumpinga mfalme aliyetawala bila katiba.

Kama Picasso hakuvutii hata kidogo, mbele ya bustani ya bandari kuna jumba la zamani la forodha, Palacio de la Aduana, ambalo sasa ni makumbusho ya mji: akiolojia ghorofa moja, michoro nyingine. Raia wa Umoja wa Ulaya huingia bure na wengine hulipa kiasi kidogo sana. Watalii wengi hulipita. Kuna baridi safi ndani, jambo ambalo mwezi wa Agosti ni sababu tosha.

Ukibakiwa na saa mbili

La Malagueta, uwanja wa ng'ombe wa 1876, unaonekana vizuri zaidi kutoka Gibralfaro kuliko ukiwa ndani yake. Sikuona sababu ya kulipa. La Farola, mnara wa taa wa 1817 bandarini, ni wa kupita jioni ukila aiskrimu. Umaarufu wake ni kwamba una jina la kike katika nchi ambayo minara ya taa huitwa kwa jinsi ya kiume.

Badala ya hivyo vyote viwili mimi ningekupeleka kwenye makaburi ya Waingereza, mashariki kidogo ya uwanja wa ng'ombe. Kabla ya mwaka 1831, asiye Mkatoliki aliyefia Málaga hakuwa na pa kuzikwa. Walimpeleka ufukweni usiku, kwa mwanga wa mienge, wakamfukia wima mchangani, na mawimbi yakafanya yaliyobaki. Balozi mdogo wa Uingereza, William Mark, alihangaika mpaka akapata kipande cha ardhi, na hayo yakawa makaburi ya kwanza ya Waprotestanti katika bara la Hispania. Robert Boyd, kijana aliyepigwa risasi pamoja na Torrijos, amelala humo. Makaburi ya zamani zaidi yamefunikwa kwa makombe ya bahari, yaliyopangwa moja moja kwa mkono, yakiwa meupe na kukwaruza. Nilikuwa peke yangu na paka wawili.

Siku yenyewe

Ningeipanga hivi. Saa tatu asubuhi langoni mwa Alcazaba, kabla ya makundi ya meli kushushwa. Ukumbi wa Warumi na ile piramidi ya kioo unapotoka. Saa tano sokoni Atarazanas, ule huko huko. Jua likikaza, Museo Picasso au jumba la forodha. Alasiri ua wa michungwa na, ukipenda, viti vya Pedro de Mena. Gibralfaro ibaki ya jioni kwa basi, kama miguu bado inakutii na muda wa kufunga haujafika. Majira ya baridi hufunga mapema. Wiki ya Pasaka sahau mpango huu wote, maana maandamano ya sanamu hufunga mitaa, na kukata kutoka kanisa kuu hadi sokoni kunaweza kula saa nzima.

Mwisho wa Juni, jioni ya siku niliyokuwa na mama, tulikuwa tunarudi taratibu kupitia Calle Larios. Alipita kijana mwenye shati jeupe na mshipi mwekundu kiunoni, ameshika jani nene la mpungate lililochomekwa maua meupe ya duara, kila moja juu ya kijiti. Wanaliita biznaga. Ua lenyewe si ua: ni kichwa kikavu cha mmea wa porini, na kwenye kila kitawi chake wamechomeka yasmini moja moja mchana ikiwa bado haijafunguka, ili ifunguke jioni ikiwa mkononi mwa mnunuzi. Nikaanza kumweleza mama. Akainusa, akaigeuza geuza kutazama ilivyoshikana.

"Hiki ni kikuba," akasema. "Ila wamesahau mrihani."

Akakichomeka kwenye mtandio wake upande wa kulia, tukaendelea kushuka kuelekea bandarini.